Zima Injini Stejini: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Moshi wa Magari Yaliyosimama Mombasa

Magari mengi yanayonguruma huku yamesimama hapa Mombasa hayafanyi hivyo kwa sababu dereva hajali. Dereva anaogopa kuzima. Betri imechoka, stata inagomagoma, na akizima mbele ya abiria kumi halafu gari likatae kuwaka, abiria wote watashuka waingie la nyuma yake. Hofu hiyo ni ya kweli na ina hasara ya kweli. Ndiyo maana mabango ya "Zima Injini" hayafui dafu: yanamwamuru mtu afanye jambo ambalo gari lake haliwezi.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata hofu hiyo. Tutaanza na moshi wenyewe, kisha tutapima, kisha tutafungua boneti, na baadaye ndipo tutafika stejini, kwenye lango la shule, kwa malori ya Changamwe na kwenye ofisi za kaunti. Ni wa dereva, mwenye gari, kiongozi wa sacco (chama cha wenye matatu), mzazi, na mchuuzi anayeshinda pembeni mwa ekzosi kutwa nzima.

Moshi unaokaa mahali pamoja

Gari linalotembea hutawanya moshi wake njia nzima, lakini lililosimama humwaga wote pale pale, karibu na ardhi, mbele ya pua zile zile. Steji yenye matatu sita zinazonguruma kutoka alfajiri ni jiko lisilo na dohani, na waliolizunguka ni mama wa mahamri, muuza kahawa, makanga na watoto wanaongojea gari la shule.

Ndani ya moshi huo mna vitu vitatu vya kuangalia zaidi. Kwanza ni hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoleta kichwa kuuma na kizunguzungu, na katika gereji iliyofungwa inaua. Pili ni oksaidi za naitrojeni, zinazowasha koo na kuchochea pumu. Tatu ni masizi: chembe ndogo kuliko maikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa binadamu una upana wa maikromita 70 hivi. Chembe hizo hupita puani na kooni zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu Juni 2012. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe hizo hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa mwaka.

Dizeli yetu imeboreka. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limesaidia sana. Lakini salfa ikipungua, masizi hayaondoki yenyewe, hasa kwenye injini kuukuu yenye nozeli za kunyunyizia mafuta zilizochoka.

Wengine husema Mombasa ina upepo, moshi hautukai. Upepo upo, ni kweli. Kusi ikivuma inapeleka moshi bara, na kaskazi nayo ina njia yake. Ila ingia katikati ya majengo ya Barabara ya Digo saa ya jioni, au vichochoro vya Mji wa Kale tuktuk tatu zikipishana, uone kama huo upepo unakufikia. Hata mahali palipo wazi, upepo unaokuondolea wewe moshi humpelekea mtu mwingine. Tazama mchuuzi ameketi upande gani wa ekzosi.

Pima kabla ya kusema

Chukua daftari na saa. Chagua steji moja au lango moja, na ukae muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, wakati wa pilikapilika. Andika aina ya gari, dakika lililosimama likinguruma na, hili ndilo la maana kuliko yote, sababu. Muulize dereva kwa upole. Utasikia: betri mbovu, abiria wanataka kuona gari "linaenda", muziki, joto, nachaji simu, nasubiri watu wawili tu. Ukimaliza siku tatu utajua tatizo la hapo ni la umeme wa gari, la mpangilio wa foleni, au la mazoea tu. Dawa zake hazifanani.

Kipimo cha pili ni kitambaa. Nenda kwa muuza viazi karai mwenye kabati la kioo karibu na steji. Mwombe ruhusa, ufute kioo kwa maji na sabuni alfajiri kabla ya magari kujaa, kisha baada ya muda wa saa tatu pitisha kitambaa cheupe kilicholowa upande unaotazama magari. Vumbi la barabara litaacha rangi ya kahawia na litasuguka kwa urahisi. Masizi ni meusi, yana mafuta, yanang'ang'ania uzi wa kitambaa hata ukikifua. Kunja kitambaa, andika tarehe na mahali, ukihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Hicho si kipimo cha maabara, lakini nakuhakikishia katika mkutano wa sacco kitafanya kazi kuliko karatasi kumi. Mtu akiona kilichokuwa kinatua juu ya viazi anavyokula na ukwaju, hahitaji kuelezwa mengi.

Anza na betri

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tusiharakishe.

Fungua boneti gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, ikiwezekana asubuhi kabla halijawashwa. Angalia vichwa vya betri. Hapa pwani hewa ya chumvi haina huruma: utakuta unga mweupe au wa kijani umevilemea vichwa kama ukoko. Ule unga unazuia umeme usipite, na mara nyingi betri inayodaiwa kufa ni nzima kabisa, imezibwa tu. Vua pete na saa ya chuma, usivute sigara karibu. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Changanya magadi na maji ya vuguvugu, mwagia vichwani kidogo kidogo bila kuingiza ndani ya betri, acha yatoe povu, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Suuza, kausha, rudisha waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi au mafuta mazito juu yake ili chumvi isirudi upesi. Kwa gari linalolala karibu na bahari, fanya hivi kila baada ya miezi miwili hivi.

Kama betri yako ina vifuniko vya kujazia, angalia maji. Yakiwa chini ya sahani, ongeza maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Usitie maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, na chumvi ikiingia ndani ya betri umeiua.

Sasa pima volti. Mita ya kawaida ya fundi waya inatosha. Gari likiwa limepumzika, betri nzima ya volti 12 husoma 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa. Ikiwa inakaribia 12.0 imekwisha chaji. Mwambie mtu apige stata huku ukisoma: isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, ama betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Gari likiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Chini ya hapo altaneta haichaji vizuri, na betri mpya utakayonunua itakufa kama ile ya zamani. Kwa malori ya volti 24, zidisha mara mbili.

Kuna waya mmoja mafundi wengi huusahau, na kwa magari ya pwani mimi ndio ningeutazama mapema kuliko yote: waya wa ethi, unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Mwisho wake umefungwa kwa bolti kwenye chuma kitupu, na chuma kitupu hapa kwetu hushika kutu haraka. Fungua bolti, piga msasa, rudisha, paka grisi. Kazi ya dakika kumi. Gari lililokuwa likisema "kli-kli-kli" huenda likawaka kwa mguso mmoja.

Ikiwa gari la dizeli linawaka vizuri asubuhi likiwa baridi, lakini likipata moto halitaki kuwaka tena, usilaumu betri. Mara nyingi ni pampu ya dizeli iliyolika: mafuta yakipata moto huwa mepesi na pampu hushindwa kuyasukuma kwa nguvu inayotakiwa. Dereva wa gari la namna hiyo hatazima kamwe, na ana haki. Mwenye gari ndiye anayepaswa kusikia hili, kwa kuwa dereva hana uwezo wa kutengeneza pampu kutoka kwenye hela ya siku.

Kama una gari jipya kidogo kutoka Japani, lile linalozima lenyewe ukisimama na kuwaka ukiachia breki, soma lebo ya betri. Mfumo huo unahitaji betri ya aina iliyoandikwa EFB au AGM. Wengi hubadilisha wakaweka betri ya kawaida kwa kuwa ni rahisi, mfumo ukakataa kufanya kazi, kisha wakadhani umeharibika. Wengine huubonyeza kitufe cha kuuzima kila wanapoingia garini. Uache ufanye kazi yake. Umewekewa stata yenye nguvu kwa ajili hiyo hiyo.

Muziki nao tuuseme. Matatu yenye amplifaya kubwa na taa za rangi itamaliza betri moja ndani ya muda mfupi injini ikizimwa. Ukishindwa kuachana nao, weka betri ya pili ya muziki peke yake, na mfundi waya aitenganishe na ile ya kuwashia, ili muziki ukiisha chaji gari liwake bado. Badilisha taa za ndani ziwe za LED. Na stejini, punguza sauti. Abiria wengi watakushukuru.

Mwisho wa boneti, tazama rangi ya moshi. Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: badilisha filta ya hewa kwanza, kisha pima nozeli. Bluu, injini inaunguza oili. Ringi au sili za valvu zimechoka. Mweupe usioisha baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia ndani au dizeli inatoka bila kuungua. Gari la namna hiyo halisaidiwi na kuzima stejini peke yake, lipeleke gereji.

Lini uzime, lini usizime

Utafiti wa maabara ya Argonne ya Marekani ulionyesha kuwa kwa gari dogo, kunguruma zaidi ya sekunde 10 hutumia mafuta mengi kuliko kuzima na kuwasha tena. Mimi sishauri mtu wa Mombasa azime kila sekunde 10 katikati ya foleni. Stata nayo ina maisha yake. Kanuni ninayoipendekeza ni dakika moja: ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, zima.

Asubuhi, usipashe injini moto. Hata mwezi wa Julai, alfajiri ya Mombasa huzunguka nyuzi 20. Washa, subiri sekunde 30 oili ipande, ondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu kwa kilomita mbili za mwanzo. Injini hupata moto haraka zaidi ikitembea, na kichujio cha moshi kwenye ekzosi huanza kufanya kazi kikishika moto, jambo linalochelewa sana gari likiwa limesimama.

Sasa mambo ya kuzingatia. Gari lenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) lililotoka kupanda mlima au kuvuta mzigo lipewe dakika moja hadi tatu lipoe kabla ya kuzimwa, maana tabo inazunguka kwa kasi kubwa na inategemea oili. Lori la breki za hewa linahitaji kujaza upepo kabla ya kuondoka. Hilo halikwepeki, ila likishajaa halina sababu ya kunguruma nusu saa zaidi. Gari la dizeli lenye chujio la masizi likiwa linajisafisha lisikatizwe. Lori la jokofu lenye samaki ni habari nyingine. Na kamwe usizime gari likiwa linatembea au linateremka, iwe mteremko wa feri au popote: breki hukosa msaada wake, usukani huwa mzito na unaweza kujifunga.

Joto ndilo sababu ya madereva wa teksi kuacha kiyoyozi kikifanya kazi saa nzima. Naelewa, Februari si mchezo. Tafuta kivuli cha mwarobaini au mkungu, weka kinga ya jua kwenye kioo cha mbele, fungua madirisha ya pande mbili, ushuke ukae nje. Mtoto usimwache ndani ya gari lililozimwa hata kwa dakika chache.

Stejini

Injini inayonguruma stejini ni tangazo. Inamwambia abiria: hii inaondoka sasa. Dereva wa nyuma akiona hivyo naye anawasha, makanga anapiga bodi, mwingine anasogeza gari mbele hatua mbili na kulirudisha, na ndani ya dakika tano magari manne yananguruma huku moja tu ndilo linalojaza. Dereva mmoja akizima peke yake anajiona mjinga. Ndiyo maana jambo hili haliamuliwi na dereva. Linaamuliwa na sacco.

Kwenye mkutano, viongozi waweke mambo matatu na wayasimamie. La kwanza ni foleni ya haki: gari la mbele pekee ndilo linalojaza, hakuna kuvuta abiria wa mwenzio. Bila hili, mengine yote ni bure. La pili ni alama ya kuchukua nafasi ya mngurumo. Kibao chenye maandishi makubwa "HII NDIYO INAENDA" kinachohamishwa kutoka gari hadi gari kinatosha, na manamba wa steji ndiye anayekihamisha. La tatu, injini ya gari la mbele iwashwe likibakisha viti viwili, na za nyuma zibaki zimezimwa.

Halafu piga hesabu mbele ya wenye magari. Kanuni nyepesi ni kwamba injini isiyotembea hunywa karibu lita 0.6 kwa saa kwa kila lita moja ya ukubwa wake ikiwa ni ya petroli. Ya dizeli hunywa pungufu. Tuseme matatu ya dizeli ya viti 14 inakunywa lita 0.8 kwa saa, na inanguruma saa tatu kwa siku ukijumlisha steji zote. Hizo ni lita 2.4. Tukiweka lita moja kwa shilingi 170 za mfano, ni shilingi 408 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,608. Weka bei ya mwezi huu, ile inayotangazwa kila tarehe 14, upate yako. Kisha mwenye gari ailinganishe na bei ya betri ambayo amekuwa akiiahirisha.

Asiyeamini hesabu ya karatasi afanye jaribio. Wiki moja aendeshe kama alivyozoea, ajaze tangi Jumapili na Jumapili, aandike lita na kilomita. Wiki inayofuata azime kila kituo. Njia iwe ile ile na dereva awe yule yule.

Tuktuk ni injini ndogo, na mwenye moja ataniambia hasara yake ni senti. Kwa mfuko wake huenda ni kweli. Lakini tuktuk husimama kwa safu, ishirini pamoja, na mdomo wa ekzosi yake uko karibu kabisa na miguu ya watu waliosimama Kongowea au Mwembe Tayari wakinunua mboga. Chama cha tuktuk kikiamua safu yote izime isipokuwa mbili za mbele, soko linabadilika hewa siku hiyo hiyo.

Lango la shule na la madrasa

Watoto hupumua hewa nyingi kuliko watu wazima ukilinganisha na uzito wa miili yao, mapafu yao bado yanakua, na vimo vyao viko karibu na ekzosi. Sielewi kwa nini tunamnunulia mtoto dawa ya kikohozi halafu tunamsimamisha nyuma ya basi linalonguruma.

Mwalimu mkuu anaweza kulimaliza hili kwa wiki mbili. Achague mahali pa kuegesha pasipo mbele ya lango, na upande ambao upepo wa msimu huo hauelekei uani. Awaandikie wazazi na madereva wa mabasi sentensi tatu tu: ukifika, zima; watoto wote wakishaingia, washa; dereva wa basi asiwashe ili kupoza basi kabla ya kengele. Mlinzi wa lango apewe mamlaka ya kuwakumbusha, na mwalimu mmoja asimame naye siku za mwanzo, kwa sababu mlinzi peke yake hatasikilizwa na mzazi mwenye gari kubwa. Madrasa nazo zisisahaulike. Jioni pikipiki na tuktuk hujaa milangoni mwake, na ustadh akisema neno moja baada ya sala linatekelezwa.

Mzazi anayefika nusu saa mapema ili apate nafasi nzuri ndiye anayechafua zaidi. Njoo kwa wakati, au zima ukae nje.

Malori ya bandarini

Kuanzia Kibarani hadi Changamwe, Port Reitz, Mikindani na Miritini, malori husubiri zamu ya kuingia au kutoka bandarini, na mengine hulala. Injini kubwa ya lori hunywa karibu lita 3 kwa saa likiwa limesimama. Dereva akilala kwa muda wa saa nane na injini ikiwa inanguruma kwa ajili ya ubaridi, ni lita 24, na kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 4,080 kwa usiku mmoja. Matajiri wa malori husoma hesabu ya mafuta kwa makini, waonyesheni hii.

Ila usimlaumu dereva kabla hujalala ndani ya kebini yake. Kuna joto na kuna mbu, na anaogopa kuibiwa akifungua dirisha. Mwenye lori ampe feni ya volti 24, neti za mbu za kupachika madirishani, na kipimo cha volti kinachomwonya betri ikishuka. Ofisi ya usafirishaji isitume lori kabla karatasi za mzigo hazijakamilika. Saa nyingi za kusubiri huzaliwa ofisini, barabarani zinaonekana tu. Safari za kusini zinaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu badala ya kuongeza urefu wa foleni ya feri ya Likoni.

Mama lishe wa pembeni mwa malori wanastahili kusogezwa, kwa heshima na kwa makubaliano nao, hadi mahali ambapo moshi hauwafuati lakini wateja wanawaona bado.

Likoni yenyewe haina maelezo mengi. Kama feri haijafika gatini na gari la mbele yako halijasogea, zima. Ukiingia ndani, breki ya mkono na gia kwanza, kisha zima, na ufuate wanachosema wafanyakazi wa feri.

Kumwambia mtu azime

Namna unavyosema ni nusu ya kazi. Usimpigie dereva kioo kwa hasira wala usianze na simu ya kumpiga picha. Msalimie kwanza. Kwa mtu mzima: "Shikamoo mzee, samahani. Mtoto wangu ana pumu na moshi unatuingia hapa. Waweza kutuzimia kidogo mpaka gari lijae?" Kwa kijana: "Ami, habari ya kazi? Nisaidie kitu kimoja, zima kidogo, moshi unatua kwenye viazi vya mama hapa." Akikujibu kuwa betri ni mbovu, usibishane. Mwelekeze kwa fundi, mwambie kuhusu waya wa ethi. Abiria mkiwa ndani, sauti ya wawili watatu pamoja husikika kuliko ya mmoja, na ni vizuri mumuahidi: "Zima, hatushuki." Hiyo ahadi inamwondolea hofu yake kubwa.

Makanga ndiye mshirika wako wa karibu. Yeye husimama nyuma ya gari, kwenye ekzosi, kuliko mtu yeyote.

Ikibidi kwenda mbele

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaweka udhibiti wa uchafuzi wa hewa, pamoja na barabara za kaunti na uegeshaji, mikononi mwa serikali ya kaunti. Kitaifa kuna NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Kanuni za Ubora wa Hewa. Kwa hiyo ombi lako la steji lina mahali pa kwenda.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Andika ombi la kurasa zisizozidi mbili. Taja steji au barabara moja, si mji mzima. Ambatanisha nakala ya daftari lako, picha za vitambaa zenye tarehe, na sahihi za wachuuzi, wazazi na, ukiweza, za viongozi wa sacco ambao wameshakubali kuzima. Omba kitu kinachopimika: muda wa mwisho wa kunguruma ukiwa umesimama, mathalani dakika tatu, na dakika moja mbele ya shule. Hong Kong imekuwa na sheria ya dakika tatu tangu Desemba 2011, na jiji la New York lina dakika tatu kwa kawaida na moja karibu na shule, kwa hiyo huombi jambo geni. Omba pia alama za barabarani na kivuli stejini, kwa sababu dereva aliye kwenye kivuli huzima kwa urahisi zaidi.

Pitia kwa mwakilishi wa wadi yako kabla ya kulipeleka, umwachie nakala. Pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako mwenyewe, na tarehe. Baada ya mwezi mmoja rudi na daftari jingine la siku tatu, saa zile zile, na kitambaa kipya kwenye kioo kile kile, uyapeleke yote mawili kwa kamati inayoshughulikia ombi lako.